Shahidi wa Msitu Anapolipwa na Mwekezaji



Tanzania ina Pande zaidi ya moja. Ipo Pande ya Dar es Salaam, pori la akiba dogo pembezoni mwa jiji, lililozungukwa na makazi yanayoongezeka kila mwaka. Ipo pia Pande ya Kilwa, mkoani Lindi, kusini mwa Kilwa Masoko na kusini mwa visiwa vya Songo Mnara na Sanje ya Kati. Huku kuna mikoko, minazi, mikorosho, mashamba ya ufuta, na vichaka vya pwani ambavyo mgeni huviona kama pori lisilo na mwenyewe. Kati ya Pande hizi mbili kuna safari ya zaidi ya kilometa 300 kwa barabara.

Ninayataja haya kwa sababu mwezi uliopita nililetewa rasimu ya taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi wenyewe ni wa hoteli ya utalii wa ikolojia pamoja na viwanja vya kuuza, katika eneo la ufukwe wa Pande ya Kilwa. Aliyeniletea ni kijana niliyemfundisha miaka sita iliyopita, ambaye sasa ameajiriwa na kampuni ya wataalamu elekezi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi na wa adabu: "Shikamoo Daktari. Tunaomba saini yako kabla ya Ijumaa." Nilikuwa mjumbe wa timu hiyo. Shahada yangu ya uzamivu ni ya utawala wa maliasili, na katika timu za namna hii mimi hupewa sura ya jamii.

Nilianza kusoma sura ya wanyamapori. Ukurasa wake wa tatu ulisema kwamba wanyama wa Pande wanakabiliwa na shinikizo la kupanuka kwa jiji. Nikajiuliza: jiji gani? Nikasoma tena orodha ya wanyama, nikalinganisha na maandiko niliyokuwa nayo, na ndipo nilipoelewa. Orodha ile ilikuwa ya Pande ya Dar es Salaam. Mtu fulani, ofisini, alitafuta neno "Pande", akapata alichopata, akanakili.

Nilipompigia simu kijana wangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daktari, mtaalamu wa wanyamapori hakufika. Bajeti haikutosha." Nami nilikuwa najua kwamba hakufika, kwa sababu nilikuwa Pande kwa siku zote sita za kazi, na jina lake nililiona kwenye orodha ya timu peke yake.

Ningeweza kuimaliza habari hii kwa kuwalaumu waliofanya uzembe. Lakini uzembe huu una chanzo chake, na chanzo hicho hakiishi katika ofisi moja tu.

Siku sita za kusi

Tulikwenda Pande mwezi wa Agosti. Jioni ya siku ya pili nilikaa barazani kwa mzee mmoja mvuvi. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba tumekuja kuorodhesha ndege na wanyama wa eneo la mradi. Alicheka taratibu, akasema, "Mwanangu, ndege wa matopeni huja na kaskazi. Ninyi mmekuja na kusi. Mtahesabu nini?"

Mzee yule hakusoma ikolojia, lakini alichosema ndicho kinachofundishwa darasani. Pwani ya Rufiji, Mafia na Kilwa imo katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2004. Sehemu ya umuhimu huo ni ndege wahamao, wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia na kuja kujilisha kwenye matope yanayoachwa wazi na maji kupwa. Wengi wao huwa hapa kati ya miezi ya mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka unaofuata, yaani majira ya kaskazi. Anayekwenda Agosti atakuta matope matupu, ataandika kwamba hakuona makundi makubwa ya ndege, na atakuwa amesema kweli. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Ndege ambaye hakuwapo siku ya kuhesabiwa, lake halitakuwapo siku ya kugawa viwanja.

Kuna mfano mwingine ndani ya rasimu ileile. Miongoni mwa wanyama walionakiliwa alikuwamo komba wa Rondo. Jina lake linatokana na nyanda za juu za Rondo, hapahapa mkoani Lindi. Ndiye komba mdogo kuliko wote wanaojulikana, uzito wake gramu 60 hivi, na anapatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani, ikiwamo Rondo na Litipo katika mkoa wa Lindi, na pia Pande ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo aliyenakili alimleta komba huyu Kilwa bila kumwona. Huenda kweli yumo katika misitu ya wilaya hii. Lakini komba hutembea usiku, na watafiti humtambua zaidi kwa mlio wake kuliko kwa sura yake. Kumpata kunataka mtu akae msituni gizani na kinasa sauti, usiku baada ya usiku. Timu yetu kila jioni ilirudi nyumba ya wageni, na ilipofika saa tatu usiku kila mtu alikuwa amelala.

Hata kama komba huyo yupo, sentensi ile haikuwa ushahidi. Mtu anayebahatisha ukweli mahakamani hawi shahidi kwa sababu tu bahati imemwangukia. Tena ubahatishaji wa namna hii una madhara pande zote mbili. Mwekezaji akitaka kuupinga ukweli huo atauliza ni nani aliyemwona komba, lini na wapi, na jibu halitapatikana; basi taarifa nzima itaanguka. Mwanakijiji akitaka kuutumia ukweli huo kujitetea, naye atakuta hauna mizizi.

Kesi ya ngedere kupelekewa nyani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 81, inamtaka mwenye mradi kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na inasema wazi kwamba gharama ni zake mwenyewe. Kazi hiyo inatakiwa ifanywe na wataalamu waliosajiliwa, kisha taarifa ipelekwe kwa chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ipitiwe. Nia ya kifungu hiki ni njema. Si haki mlipa kodi agharimie uchunguzi wa mradi wa mtu anayetafuta faida.

Tatizo ni kwamba kumlipia mtaalamu kumegeuka kuwa kumchagua mtaalamu, kumpangia siku za kazi, na kushika malipo yake ya mwisho. Mikataba niliyoiona mimi huyagawa malipo katika mafungu, na fungu la mwisho hutoka cheti cha mazingira kikishapatikana. Maana yake ni hii: mtaalamu anayeandika kwamba eneo halifai kwa mradi anajinyima sehemu ya ujira wake, na pengine anajinyima mteja wa kesho. Hapo hata mtu mwadilifu huanza kupima maneno. Ataandika "athari za wastani" mahali palipostahili "athari kubwa". Ataandika "hakuna spishi adimu iliyoonekana" mahali palipostahili "hatukutafuta". Hiyo ndiyo kesi ya ngedere kupelekewa nyani, na tusishangae hukumu yake.

Wala hatari haiishii kwa mtaalamu kujizuia mwenyewe. Mwaka 2009 jarida la Development Today la Norway liliandika kuhusu mradi wa miwa wa kampuni ya SEKAB ya Sweden huko Bagamoyo, jirani na Mto Wami na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Jarida hilo liliripoti kwamba taarifa ya tathmini iliyofikishwa serikalini ilikuwa imebadilishwa baada ya kutoka mikononi mwa washauri wa kampuni ya ORGUT waliokuwa wameiandika, na kwamba washauri hao walijitenga na toleo hilo. Umma haukuyajua hayo kwa kupitia utaratibu wetu wa kisheria. Uliyajua kwa sababu mwandishi wa habari aliuliza na washauri wakakubali kusema. Ni taarifa ngapi zilizopita bila kuwa na mwandishi wala mshauri wa namna hiyo?

Naomba nami nisimame kizimbani, kwa kuwa si haki kuwanyooshea wengine kidole nikiwa nimeuficha mkono wangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kingine cha pwani ya kusini, niliendesha mkutano wa wadau. Watu walisaini karatasi ya mahudhurio ili wapate posho ya nauli. Taarifa ilipotoka niliikuta karatasi ileile imewekwa kuwa kiambatisho, na kichwa chake kimeandikwa "Ridhaa ya Jamii". Wale watu hawakuridhia kitu; walihudhuria. Niliona, nikanyamaza, kwa kuwa fungu langu la pili la malipo lilikuwa halijaingia. Jina langu limo katika taarifa ile mpaka leo.

Kilwa imekwisha kulilipia somo hili

Msomaji anaweza kusema kwamba hoteli moja ya ufukweni haiwezi kuangamiza wilaya. Namkumbusha habari ya mibono. Kuanzia mwaka 2006 kampuni ya BioShape ya Uholanzi ilikuja Kilwa kutafuta ardhi ya kulima mibono kwa ajili ya nishati. Ilipata takribani hekta 34,000 katika vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa na miombo na misitu ya pwani. Tathmini ya mazingira ilifanyika, na watafiti wa uhifadhi waliikosoa kwa kudunisha thamani ya uoto na viumbe vya eneo hilo. Ukosoaji huo haukuzuia kitu.

Fedha za fidia ziligawanywa kwa namna ambayo halmashauri ya wilaya ilibaki na asilimia 60 na vijiji vikapata asilimia 40. Kilichopandwa kilikuwa sehemu ndogo sana ya ardhi iliyochukuliwa. Kufikia mwaka 2010 kampuni ilikuwa imefilisika. Mibono ikaachwa, ajira zikaisha, na wanakijiji wakabaki wakiuliza ardhi yao ni ya nani. Swali hilo lilikuwa zito kwa sababu ardhi ya kijiji inayotolewa kwa mwekezaji wa nje huhaulishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, na mradi ukifa ardhi hiyo hairudi kijijini yenyewe.

Hapa ndipo panapoonekana uzito wa ile sura ya wanyamapori ambayo wengi huipitia haraka. Ardhi ikielezwa kuwa pori lililochakaa, lisilo na kiumbe wa maana, bei yake hushuka, pingamizi hukosa nguvu, na uhaulishaji huonekana kuwa jambo la busara. Orodha ya wanyama ni sehemu ya hati ya ardhi, ingawa haiitwi hivyo. Anayeiandika ovyo anaamua mambo ya watu ambao hajawahi kukaa nao hata jioni moja.

Hoja ya gharama

Nazijua hoja za upande wa pili, na nyingine zina uzito. Pande inahitaji ajira, maji safi, na zahanati yenye dawa. Vijana wake wanakwenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda. Mwekezaji akiambiwa asubiri masika, kiangazi, kusi na kaskazi, anaweza kwenda kutafuta ufukwe mwingine. Mtumishi mmoja wa umma, rafiki yangu wa siku nyingi, aliniambia, "Ndugu yangu, ninyi wasomi mnataka tuwahesabu ndege wakati watu wana njaa."

Nilimjibu kwa Kihansi. Mradi wa umeme wa Kihansi, wenye uwezo wa megawati 180, ulikuwa umekwisha kuanza kujengwa mwaka 1996 wakati watafiti walipomkuta chura mdogo wa manjano katika eneo linaloloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Hakujulikana kuwapo mahali pengine popote duniani. Uchunguzi uliotangulia ujenzi ulikuwa haujalichunguza korongo lile kwa kina. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua na makazi ya chura yakakauka. Ikabidi yatandikwe mabomba ya kunyunyiza maji kwa bandia. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka katika mazingira yao ya asili, na baadaye kazi ndefu ya kuwarudisha korongoni ikaanza.

Kila mjadala wa bajeti ya mazingira unapofika, hakosi mtu wa kuwacheka vyura wa Kihansi na fedha zilizotumika kwao. Kicheko hicho kinamwelekea asiyehusika. Gharama ile haikuletwa na chura. Ililetwa na kumwona chura akiwa amechelewa kuonwa. Angejulikana kabla ya michoro kukamilika, kiasi cha maji cha kuachiwa korongo kingepangwa tangu mwanzo, na umeme tungeupata. Vivyo hivyo Pande. Mwekezaji wa utalii wa ikolojia anauza nini kwa mgeni, kama si hao ndege na hiyo mikoko? Akijenga gati mahali wanapojilisha ndege kwa sababu taarifa ya Agosti ilisema hapana kitu, atakuwa amebomoa duka lake kwa mkono wake.

Hesabu inayowarudia watu

Sitaki mtu aelewe kwamba uchunguzi wa haki hauwezekani katika nchi yetu. Umewahi kufanyika, tena hapahapa Kilwa. Katikati ya miaka ya 1990 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikuja kuuchunguza mpingo, mti ambao Ulaya hutengenezewa klarineti. Kazi ile haikuishia katika makabati ya chuo. Ilizaa shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative, lenye makao yake Kilwa Masoko, na wanavijiji wenyewe wakafundishwa kupima na kuhesabu miti yao. Mwaka 2009 misitu ya vijiji hivyo ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, na katika mwaka huohuo kijiji cha Kikole kiliuza magogo ya mpingo kwa bei ambayo hakikuwahi kuiota wakati wafanyabiashara walipokuwa wakijichukulia. Hesabu ilifanywa na watu, ikabaki kwa watu, ikawapa kauli mbele ya mnunuzi.

Mfano wa pili ni mchungu, lakini unatufaa. Hesabu ya tembo katika mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi ilitoa idadi ya takribani 39,000 mwaka 2009. Mwaka 2013 Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, pamoja na washirika wake, walihesabu tena, wakapata 13,084. Hiyo haikuwa idadi ambayo serikali, wawindaji wa kitalii au wenye hoteli walipenda kuisikia. Lakini ilitolewa, na baada ya kutolewa hakuna aliyeweza tena kusema kwamba ujangili ni uvumi wa magazeti. Ukali wa hatua zilizofuata dhidi ya ujangili ulitokana kwa sehemu na idadi iliyosemwa bila kupunguzwa makali.

Katika mifano hii miwili waliohesabu hawakuwa wanamfanyia kazi mtu ambaye malipo yake yangetegemea jibu. Hiyo ndiyo tofauti.

Ninayopendekeza

Kwanza, mwenye mradi aendelee kulipa, lakini asichague. Fedha za tathmini ziwekwe katika akaunti maalumu chini ya chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na mtaalamu apangwe kutoka orodha ya waliosajiliwa, kwa zamu na kwa fani. Malipo yatoke kazi ikikamilika, lolote liwalo jibu.

Pili, hadidu za rejea zitaje majira na saa. Kwa mradi wowote wa pwani, uchunguzi ufanyike wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, mchana na usiku. Pale ambapo haukufanyika, taarifa iandike wazi "hatukutafuta" badala ya "haikuonekana". Maneno haya mawili yametenganishwa na uaminifu mtupu.

Tatu, kila kiumbe kinachotajwa kiwe na tarehe, saa, mahali, na jina la aliyekiona au aliyekisikia. Naweka sharti moja: mahali hasa pa wanyama wanaowindwa, kama tembo na kakakuona, pasichapishwe. Taarifa ya mazingira isije ikawa ramani ya jangili. Na mwanakijiji anayetueleza njia za wanyama asigeuzwe mtuhumiwa kwa sababu tu anazifahamu. Tukimsaliti mmoja, hatutaambiwa tena ukweli katika tarafa nzima.

Nne, Kanuni za mwaka 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nimeona mihtasari ya Kiswahili inayosomeka kama maelekezo ya dawa yaliyotafsiriwa na mashine. Naomba tupige hatua zaidi: taarifa isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla haijapelekwa Dodoma, kwa Kiswahili wanachokizungumza watu, na pingamizi zao ziambatishwe kama walivyozisema, bila kusafishwa. Nakala moja ibaki katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, mahali ambapo mtu anaweza kuiomba akaisoma. Kama orodha ile ya Pande ingesomwa mbele ya wavuvi wa Pande, isingevuka hata dakika kumi.

Tano, hili linatuhusu sisi wa vyuo vikuu. Tunawafundisha wanafunzi jinsi ya kuandika taarifa, lakini hatuwafundishi jinsi ya kukataa kuisaini. Kijana anatoka chuoni akiwa na mkopo wa elimu ya juu shingoni, anapata ajira kwenye kampuni, na mwezi wa tatu anaambiwa anakili sura. Atamwambia nani? Sisi walimu wake, wenye mishahara ya kila mwezi na majina yanayotafutwa kupamba orodha za timu, ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kukataa, kwa kuwa kukataa kwetu kuna gharama ndogo kuliko kwake.

Ile rasimu niliirudisha bila saini, pamoja na barua ya kurasa mbili nikieleza makosa niliyoyaona na kazi inayotakiwa kurudiwa. Nilimwandikia kijana wangu kwamba anaweza kuwaonyesha wakubwa wake barua hiyo na kunitupia mimi lawama zote. Alinijibu baada ya siku tatu. Alisema wamemwondoa katika mradi, ila bado yuko kazini, na kwamba wanatafuta mjumbe mwingine wa sura ya jamii. Mwisho aliandika, "Daktari, sijui kama nikushukuru au nikulaumu." Nimemwelewa. Hata mimi sijapata jibu la kumpa.

Lakini yapo ninayoweza kuyafanya bila kusubiri kanuni kubadilishwa. Kaskazi ikishaanza kuvuma nitarudi Pande pamoja na wanafunzi wachache, kwa gharama zetu wenyewe, tukiwa na darubini, kinasa sauti na daftari. Nimekwisha kumtumia salamu mzee yule. Tutahesabu pamoja na vijana wa kijiji, na daftari tutaliacha kwa mtendaji. Kama wewe ni mtumishi wa wilaya au wa mkoa na unasoma makala haya, nakuomba jambo moja tu: siku taarifa ya Pande itakapofika mezani kwako, uliza kwanza ilifanywa majira gani, na kama kuna yeyote aliyelala msituni.